Bure, na Aliye Nyuma Yako kwenye Foleni

Nilikwenda maktaba kuprinti tu. Sikwenda kusoma wala kuazima kitabu. Nilikuwa na fomu ya kurasa tisa ya mambo ya vibali, na printa ya nyumbani ilikuwa imeishiwa wino tangu Krismasi. Nikiwa nimesimama nasubiri karatasi zitoke, macho yakatua kwenye bango dogo lililobandikwa ukutani juu ya mashine. Lilisema kwamba mwenye kadi ya maktaba anaweza kutazama maelfu ya filamu nyumbani kwake, kwenye simu au televisheni, bure. Hakuna malipo ya mwezi, hakuna matangazo, hakuna kuulizwa namba ya kadi ya benki.

Naishi Ohio mwaka wa tano sasa, na kadi ya maktaba ninayo tangu mwezi wa kwanza. Bango lenyewe lilikuwa limeshapauka kwa jua. Maana yake lilikuwepo pale siku zote, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikilipia filamu mtandaoni, kama mtu anayenunua maji ya chupa huku nyumba yake iko kando ya bomba.

Nikamfuata mkutubi nikamwuliza swali ambalo mtu yeyote wa Dar angeuliza: mtego uko wapi? Akacheka. Hakuna mtego, akasema. Weka namba ya kadi na neno la siri, chagua filamu, tazama. Kisha akaongeza, tayari ameshageukia mtu mwingine, kwamba kuna kikomo kwa mwezi. Hilo la mwisho lilinipita. Halikupaswa kunipita.

Kiswahili chetu kimelitwika neno bure mizigo miwili. Cha bure ni kisicholipiwa, na cha bure ni kisicho na maana. Umehangaika bure. Amekufa bure. Yule mtu bure kabisa. Zawadi na hasara zimetiwa kapu moja, na mtoto anayekua na lugha hii hujifunza mapema kukitazama cha bure kwa jicho la pembeni. Mitaani tukaongeza dezo na mpenda dezo, na tuna mdoezi, yule anayepita kwa jirani saa ya chakula kwa bahati ambayo humtokea kila siku. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na kuiweka ile programu kwenye simu, furaha yangu ilikuwa na kichomi. Nikitazama filamu hii, mimi ni nani? Mgeni aliyealikwa, mdoezi, au mwenye mali?

Filamu ya kwanza niliyofungua usiku ule ilikuwa Hyènes, ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1992. Nilikuwa nimesoma habari zake tangu chuo bila kuiona hata mara moja. Mambéty alichukua tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1956, akaihamishia Colobane, mji uliofilisika. Mama mmoja tajiri sana, Linguère Ramatou, anarudi kwao baada ya miaka mingi na kuahidi kuwamwagia watu mali, kwa sharti moja: wamuue Dramaan Drameh, mwenye duka, ambaye ujanani alimpa mimba akamkana. Watu wanakataa kwa hasira. Sisi ni maskini, ila si wauaji. Halafu, taratibu, wanaanza kukopa. Dukani kwa Dramaan huyo huyo wanaomba tumbaku ile nzuri, kinywaji kile cha bei. Viatu vipya vinaanza kuonekana miguuni. Yanaingia majokofu, zinaingia feni. Hakuna aliyesema amekubali. Lakini Dramaan anatazama vile viatu na anaelewa, kwa sababu deni lile lazima lilipwe, na linaweza kulipwa kwa njia moja tu.

Nilipozima televisheni saa saba usiku, swali lililonibakia lilikuwa la kijinga kidogo. Na hii yangu, nani kalipa?

Ngoja nikiri nilikotoka, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini swali hilo lilinikalia shingoni. Sinema nimejifunzia kwenye kibanda umiza, Tandale. Waliokulia kule wanajua: mabenchi ya mbao, televisheni moja, madirisha yamezibwa kwa magunia, joto la watu sitini, na kiingilio cha shilingi mia. Nimeona Komando pale. Nimeona Wahindi wakilia na Wachina wakiruka juu ya mapaa, na juu ya sauti zao zote sauti ya Lufufu akitutafsiria kwa Kiswahili, akiongeza chumvi yake pale mwandishi wa filamu alipozembea. Kila mkanda ulikuwa wa wizi. Baadaye zikaja DVD zenye filamu kumi ndani ya sahani moja, wizi ulioboreshwa. Mwenye kibanda alipata mia yangu, mwenye mashine ya kurudufu alipata chake, na aliyeitengeneza filamu hakupata kitu. Nami kwa shilingi mia ile nilipewa ulimwengu. Sijawahi kuweza kuomba msamaha kwa kibanda umiza, na sijawahi kuweza kukitetea vilevile.

Kwa hiyo usiku wa Hyènes, kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimetazama filamu ya Kiafrika bila kuilipia na bila kumwibia mtu. Jambo hilo lilionekana haliwezekani, nami nikaanza kulichimba.

Jibu la kwanza ni jepesi: nimelipa mimi. Maktaba za umma za Ohio zinaendeshwa kwa fungu linalotoka serikali ya jimbo, na mahali pengi kwa kodi ya majengo na ardhi ambayo wakazi wanaipigia kura. Mimi sina nyumba, na kura sina. Ila napanga, na mwenye nyumba wangu hajawahi kulipa kodi ya jengo bila kuihamishia kwetu wapangaji. Hapa Kiswahili, kilichoniponza kwenye neno bure, kinanisaidia: tunalipa kodi kwa serikali na tunalipa kodi kwa mwenye nyumba, neno moja. Kila tarehe mosi nalipa kodi, na ndani ya kodi kuna kodi, na ndani ya kodi hiyo kuna kipande cha Mambéty.

Wenyewe Wamarekani walilifikia wazo hili kwa hatua. Mwaka 1833 wakazi wa mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, walikubaliana katika mkutano wa mji kwamba fedha za umma zinunue vitabu vya kila mtu. Juu ya mlango wa maktaba ya Boston, jengo lililofunguliwa mwaka 1895, wamechonga kwenye jiwe maneno yanayosema kwamba pale ni bure kwa wote. Kisha akaja Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nyingi zikiwa Marekani. Huyu ni wa kumtazama mara mbili. Mwaka 1892, kwenye kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, mgomo wa wafanyakazi ulivunjwa kwa nguvu na watu wakafa. Baada ya hapo wafanyakazi wa pale walikaa kazini saa 12 kwa siku, na miaka michache baadaye wakajengewa maktaba nzuri sana. Wangeisoma saa ngapi? Na bado Carnegie huyo huyo alikuwa na sharti ambalo mimi naliona la busara kuliko mtu mwenyewe: jengo nawapa, ila mji uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya nilichotoa, kuitunza maktaba. Yaani hata zawadi ya bwana mkubwa haikuwa bure mpaka watu wenyewe wakubali kuilipia.

Basi, nilipokwisha kujihesabia haki namna hii, nikawa mhubiri. Kila Mswahili niliyekutana naye dukani au msikitini au kwenye harusi nilimwambia: kadi ya maktaba unayo? Wa kwanza kuhubiriwa alikuwa Mama wa ghorofa ya chini.

Mama ni mtu wa Uvira. Kabla ya kuletwa hapa aliishi miaka mingi Nyarugusu, kambini, mkoa wa Kigoma, ndiyo maana nikimpa shikamoo ananiitikia marahaba vizuri kabisa, halafu sentensi inayofuata inarudi Kivu. Anafanya kazi ghalani, anapanga mizigo siku sita kwa wiki. Nilimwekea programu kwenye tableti aliyopewa na mwanawe, nikamwuliza angependa kuona nini. Hakufikiri hata kidogo. Alitaka La vie est belle, filamu ya Papa Wemba, ile ya 1987 ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy, aliyoiona akiwa msichana: kijana wa kijijini anakwenda Kinshasa kutafuta muziki, anaangukia kazi ya utumishi wa nyumbani, na anampenda msichana anayetakiwa na bosi wake. Tuliitafuta, ikatokea. Mama akagusa picha ya Papa Wemba kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Akasema ataitazama Jumamosi jioni, akishaoga, akishakula, akishakaa. Filamu ile haikuwa ya kutazamwa kwa haraka.

Mimi huku nilikuwa na haraka ya mlafi. Mwezi ule wa kwanza nilimaliza fungu langu ndani ya siku nane. Mwezi wa pili nikawa mjanja zaidi: filamu ukishaiazima inakaa kwako saa 72, na hesabu ya siku huanza upya saa sita ya usiku, kwa hiyo nilikuwa nakaa macho mpaka saa sita, nachukua tatu kwa mpigo, nalala. Kesho yake naangalia moja. Pengine nusu. Nyingine zinarudi zenyewe bila kuguswa. Si unajua jinsi mtu anavyojaza sahani kwenye shughuli ambayo hakuichangia.

Hapa sina budi kueleza kidogo mambo ya ndani, kwa sababu ndiko jambo lilikojificha. Kwa miaka mingi maktaba iliazimisha filamu kama inavyoazimisha vitabu. Inanunua DVD moja, inaiweka rafuni, na inaiazima mara mia mpaka ichakae, bila kumwuliza mtu. Sheria ya Marekani inaruhusu, na mzizi wake ni kesi ya mwaka 1908. Mchapishaji mmoja aliandika ndani ya riwaya kwamba hairuhusiwi kuuzwa chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama Kuu ikasema: ukishakiuza kitabu, umeshakiuza, aliyenunua ana hiari nacho. Juu ya uamuzi kama huo ndiyo zimesimama rafu za maktaba.

Filamu ya mtandaoni haikai rafuni. Maktaba hainunui kitu, inanunua ruhusa. Na kampuni kubwa zinazozihudumia maktaba, kama Kanopy iliyoanzia Australia mwaka 2008, na Hoopla ya hapa hapa Ohio, zimekuwa zikitoza maktaba kwa namna ambayo kila mtazamaji anahesabika: wewe unabonyeza, bili ya maktaba inasogea. Bei iliyokuwa ikitajwa kwa Kanopy miaka ile ilikuwa kama dola 2 kwa filamu moja iliyotazamwa. Dola 2 ni kitu gani? Zidisha kwa jiji. Tarehe 1 Julai 2019 mifumo yote mitatu ya maktaba za New York, yaani New York Public Library, Brooklyn na Queens, iliachana na Kanopy kwa sababu ya gharama. Huduma iliwaelemea kwa sababu watu waliipenda. Kitabu kinachopendwa huipa maktaba fahari. Filamu inayopendwa huipelekea bili. Ndiyo maana kuna vikomo vya mwezi kwa kila kadi, na mahali pengine kuna kikomo cha siku kwa maktaba nzima. Fungu la leo likiisha, limeisha kwa wote, hata kwa yule ambaye hajagusa kitu mwezi mzima.

Jumamosi, saa mbili usiku, mlango wangu ukagongwa. Mama, kitenge kipya, tableti mkononi.

"Mtoto yangu, hii kitu iko nasema nirudie kesho. Kesho niko na kazi."

Nikaichukua. Maandishi yalikuwa ya adabu sana: maktaba yako imefikia kikomo cha leo, tafadhali jaribu tena baada ya saa sita usiku. Nikamwambia ni mambo ya mtandao tu. Nikamwambia pole. Sikumwambia kwamba kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu wakati ule kulikuwa na filamu tatu nilizozichukua usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba moja wapo, ya upelelezi, sikumbuki hata jina lake.

Najua utakachoniambia, maana nilijiambia yote kabla hujanifikia. Sikuvunja kanuni. Nilichukua ndani ya haki yangu. Mji huu una watu maelfu, na fungu la siku ile lililiwa na wengi. Filamu zangu tatu hazikumzuia Mama hata kidogo, na kama nisingezichukua zingechukuliwa na mtu mwingine saa nne asubuhi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ndiyo hesabu ile ile ya watu wa Colobane. Kiatu changu kimoja hakimuui Dramaan. Kila mmoja wao alikuwa sahihi akiwa peke yake.

Jumatatu nilirudi maktaba, safari hii bila cha kuprinti, nikamwambia yule mkutubi kwamba nataka kupunguza kutumia. Nilitarajia kusifiwa. Alinitazama kama niliyemwambia nitaacha kula ili nisaidie mkulima. Akasema kila mwaka wanapokaa na wenye bajeti wanaulizwa swali moja: je, watu wanaitumia? Namba ikishuka, fungu linakatwa, na lililokatwa halirudi. Kwa hiyo kila filamu ninayotazama ni gharama, sawa, lakini pia ni kura, na mimi kura nyingine sina. Nikaondoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nikitumia sana, namaliza fungu la leo. Nikijizuia, naua fungu la mwakani.

Wenye elimu ya uchumi wana malisho yao maarufu hapa. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote yataishia jangwa, kwa sababu kila mfugaji ana faida ya kuongeza ng'ombe mmoja zaidi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, alikwenda kuangalia malisho, mifereji na mabwawa ya samaki ya watu halisi, akakuta wengi wanayatunza vizuri tu, vizazi kwa vizazi, kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Mimi sikuhitaji kumsoma Ostrom ili nimwamini. Nimekulia kwenye bomba.

Pale kwetu Tandale maji yalipotoka, yalitoka kwa saa chache. Ndoo zilipangwa foleni tangu alfajiri, wenyewe wamerudi kulala. Ndoo ilimshikia mtu nafasi na kila mtu aliijua ndoo ya kila mtu. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa. Lakini mtu akija na ndoo kumi, mama mmoja atamwuliza tu, kwa upole unaokata: leo kuna arusi kwenu? Na kama ndoo ya bibi mgonjwa ilikuwa mwisho, mkono wa mtu ungeisogeza mbele bila mjadala. Hatukuwa watu wema kuliko watu wa Ohio, nisije nikakudanganya, palipiganwa pale bombani mpaka watu wakachaniana nguo. Ila tulikuwa tunaonana. Kila nilipotaka kujaza ndoo ya tatu, nyuma yangu palikuwa na uso.

Programu ya simu imeiondoa foleni. Foleni yenyewe ipo, tena ndefu, imeondolewa machoni tu. Saa sita ya usiku nimelala kitandani peke yangu, taa imezimwa, skrini inaniambia "chagua", na hakuna mahali popote inaponionyesha kitenge cha Mama. Aliyeitengeneza hakukosea, mtu hataki kuonyeshwa nyuso za majirani zake anapotafuta filamu ya upelelezi. Lakini mizigo yote ya adabu ambayo bombani ilibebwa na macho ya watu, hapa inabidi niibebe kichwani kwa kukumbuka, na kichwa changu saa sita ya usiku si cha kuaminika.

Pwani tuna neno jingine kwa mali ya namna hii: wakfu. Mtu anatoa nyumba, au shamba, au kisima. Tangu siku hiyo hakiuzwi, hakirithiwi, wala yeye mwenyewe hawezi kukirudisha. Ile DVD ya rafuni ilikaribia kuwa wakfu: ikishatolewa kwa umma, ni ya umma. Filamu ya mtandaoni ni kisima cha kukodi, chenye mita, na mwenye mita yuko mbali. Ningependa sana kwamba maktaba zipewe tena haki ya kununua kabisa, filamu iwe yao, na kijana wa mwaka 2060 aikute Hyènes palepale bila kujali mkataba wa nani umekwisha. Hiyo ni kazi ya wabunge na mawakili, na ni deni lao. Lakini kuwa na hoja nzuri juu ya sheria hakukunisaidia ile Jumamosi mlangoni. Ningeweza kuwalaumu wenye mita usiku kucha na bado filamu tatu ziko mfukoni.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu ambao hauna falsafa kubwa. Sichukui filamu ambayo sijakaa tayari kuitazama. Nikichukua, naimaliza, hata ikiwa mbaya, na hapo nimeumia mara kadhaa. Nikitaka tu kelele za kulalia, nawasha redio. Mkutubi anapata namba yake ya kupeleka kwa wenye bajeti, na namba hiyo ni ya kweli, si ya ndoo zilizojazwa zikamwagwa. Rafiki yangu mmoja anasema hii ni toba ya mtu mwenye wasiwasi, na kwamba wenye mamilioni hawahesabu hivi. Pengine. Wenye mamilioni hawaishi ghorofa moja juu ya Mama.

Na ile La vie est belle? Nilimsimulia Mama yote, wiki mbili baadaye, na zile tatu za mfukoni nazo. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hizo tatu zilikuwa nzuri. Nikasema sikuziangalia. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo mama yangu mzazi hutikisa akikuta ugali umetupwa.

Jumamosi iliyofuata filamu ilipatikana. Aliichukua yeye, kwa kadi yake, tukaiunganisha kwenye televisheni yake kubwa. Walikuja dada wawili wa Bukavu wanaokaa jengo la pili, na mume wa mmoja wao, na watoto sita ambao hakuna aliyejua vizuri ni wa nani. Tumetazama watu kumi na moja kwa azimo moja. (Usiogope, sheria ya hapa inakubali filamu itazamwe nyumbani na familia na marafiki wa kawaida, nimeangalia.) Viti havikutosha, wanaume tukakaa chini. Watoto Kifaransa hawajui, Kilingala hawajui, na Kiswahili wanakijua kwa kukisikia zaidi kuliko kukisema, kwa hiyo Mama alishika usukani, akawa anawaeleza kila anachosema Papa Wemba, na pale filamu ilipokaa kimya alijaza mwenyewe. Kurou, yule kijana, alipewa maneno mengi ambayo Ngangura hakuyaandika. Dada mmoja akalalamika kwamba hasikii muziki. Mama akasimamisha filamu, akageuka, akamwambia muziki utarudi, sasa angoje kwanza waeleze hawa watoto Kinshasa ilikuwaje kabla hawajazaliwa, na akaanza na nguo.